Blenda, Pikapu na Mkasi wa Halati

Ami yangu, mdogo wake baba, ni fundi wa magari Mombasa, na baba haamini kuwa duniani kuna fundi mwingine. Sisi tunaishi Riyadh. Kati ya Riyadh na gereji ya ami kuna jangwa, bahari na nchi kadhaa, lakini hayo baba huyaona mambo madogo. Gari likikohoa hatafuti gereji, anatafuta simu. Anafungua boneti, anaisogeza simu kwenye injini kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto, anarekodi, anatuma. Ami anasikiliza huko aliko, mikono imejaa grisi, kisha anarudisha jibu kwa sauti. Nozeli hiyo, kaka. Au vali inagonga. Au hamna kitu, ni wewe tu una wasiwasi. Hivyo ndivyo pikapu yetu ilivyotibiwa miaka yote, na kusema kweli haikufa.

Nikisema pikapu yetu naipa heshima tu. Karatasi zina jina la bosi wa baba, mwenye duka la mabomba na koki mtaa wa Al-Sulimaniyah, ambako baba ni mhasibu. Bosi alipoichoka alimwambia aitumie apendavyo, mradi aitunze. Kwa hiyo karatasi ni za bosi, matatizo ni yetu. Ni waneti ya dizeli, ndivyo wenyeji wanavyoziita pikapu, ya kabini moja, nyeupe pale rangi ilipobaki, na imenizidi umri. Mamangu husema mumewe ana wake wawili, na yule wa pili anavuta sigara.

Kuhusu hiyo sigara, nieleze kidogo kwa asiyezijua injini hizi kuukuu, maana mimi nimelelewa nazo. Moshi wake ni kama uso wa mwalimu, ukiusoma mapema unajiokoa. Moshi mweupe asubuhi maana yake plagi za kupasha moto zimechoka, injini imeamshwa kabla haijapata joto, inanuna. Moshi mweusi kwenye mlima, inakula dizeli kuliko hewa: ama chujio la hewa limeziba vumbi, ama nozeli zinatema mafuta badala ya kuyanyunyiza. Moshi wa buluu, inakunywa oili yake yenyewe, na hapo unaanza kuzungumza na Mola wako. Pikapu yetu iliweza kutoa zote tatu kabla hatujafika kwenye taa za kwanza.

Baba hanunui spea kama watu wanunuavyo mkate. Huenda tashlihi, yale makaburi ya magari nje ya mji, akatembea mikono nyuma katikati ya maiti, akisikitika hapa na pale kama aliyemtambua jamaa. Anachotaka ni asli, kilichotoka kiwandani na gari lake. Adui yake ni tijari, yaani kilichoigwa, kinachong'aa kupita kiasi na kufa wiki ya pili. Ili kutofautisha, ananusa. Nimemwona kwa macho yangu akinusa gasketi ya silinda hedi. Muuzaji naye akaichukua akainusa, kwa adabu tu, asionekane hajui kazi.

Kisha spea zinahamia sebuleni kwetu. Meza ya kahawa ya mamangu imewahi kubeba pampu ya maji, mkanda wa feni, na nozeli zimepangwa juu ya kitambaa cha kufuma kama kashata. Mgeni mmoja aliyesahau miwani yake alinyoosha mkono achukue.

Sasa nije kwenye blenda, maana bila blenda hakuna hadithi.

Mimi naweza kumuiga mtu yeyote. Shuleni namuiga mwalimu wa hesabu mpaka darasa linatoa vitabu. Baba ndiye rahisi kuliko wote: unakohoa kidogo, unasema "ndugu yangu" kama unafungua hotuba, halafu unashusha pumzi ya mtu aliyebeba gunia. Siku moja mamangu alikuwa anasaga nyanya na vitunguu kwenye blenda yenye kisu kilicholegea. Nikachukua simu yangu, nikakohoa, nikasema ndugu yangu, hebu isikilize hii, imeanza leo, nikashusha pumzi, nikairekodi blenda vizuri, nikatuma kwenye kundi la familia ili wote wafaidi. Ami alijibu kwa uzito mkubwa. Alisema hiyo ni nozeli ya tatu, hakuna shaka, na akaonya gari lisiendeshwe hata kwenda msikitini. Nikamjibu kwa sauti yangu mwenyewe kwamba nozeli ya tatu imeshaiva na tunaila kwa wali.

Ukoo mzima ulicheka, bibi akiwa wa mbele. Wenzake ami gerejini wakaanza kumwita Daktari wa Blenda. Ami hakucheka. Alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo hasikilizi chochote kitokacho kwenye simu yangu, iwe injini, iwe baba, iwe mimi nalia.

Hukumu hiyo haikunisumbua, kwa sababu baba alikuwa na simu yake. Lakini baadaye, akirekodi mkanda wa feni uliokuwa unapiga mluzi, aliisogeza simu karibu mno na feni ikaila. Nilimwambia mluzi umekwisha. Akarudi kwenye simu ndogo ya mulika mwizi, inayojua kupiga, kupokea na kuwasha tochi, basi.

Mambo yalikuwa hivyo, halati alipomaliza mkataba.

Namwita halati, yaani mama mdogo, ingawa si dada wa mamangu kwa damu. Walikua pamoja Majengo, Mombasa, mlango kwa mlango, na hilo kwao ni zaidi ya damu. Alikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba moja Al-Naseem, analala huko huko, mchana wote ni wa madam. Kazi zikiisha madam alimwachia chumba cha kupigia pasi, na humo ndimo alimowashonea mabinti wa nyumba abaya na magauni, mpaka kidogo kidogo akajikusanyia mashine zake mwenyewe: mbili za kushonea na moja ya kufunga pindo. Safari hii alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja. Alishakodi kichumba cha duka Mombasa, na wanawake wa mtaani walishampelekea dada yake vitambaa vya Idi, halati mwenyewe hata hajapanda ndege. Idi ingemkuta hana mashine, kazi yake ya kwanza dukani ingekuwa kuwarudishia watu vitambaa vyao. Hayo hakuyaficha. Aliyasema kila alipokuja kwetu kunywa chai, na alipomaliza aliyasema tena.

Mashine zilitakiwa ziingie kwenye kontena, Jeddah. Kuna Mmombasa mmoja huko anayekusanya mizigo ya Waswahili kwenye hoshi, ua wa kuwekea mizigo, karibu na bandari, na kontena likijaa analifunga, linaenda melini. Alikuwa ametangaza kwamba hili litafungwa Alhamisi, Isha. Mtu akimwomba amngoje husema mlango ule ukishafungwa hamfungulii hata mama aliyemzaa. Kontena lijalo halikujulikana litajaa lini. Na halati visa yake ya kutoka ilishapigwa, ndege yake inaondokea hapo Jeddah, ikama, kibali chake cha kuishi, imefutwa, hata laini ya simu madam ameikata. Kungoja hakukuwemo.

Tulikuwa tuondoke Jumatano. Lakini baba aliamua kwamba pikapu haiendi Jeddah na vifaa vya zamani. Akabadilisha plagi za kupasha moto. Akabadilisha chujio la dizeli, chujio la hewa, mkanda wa feni. Vyote asli, vyote vimenuswa. Nilipomuuliza kama na ule mpira mweusi unaoleta dizeli kwenye chujio hauingii kwenye harusi hii, aliuchomoa kwa kuuzungusha, akautazama, akaurudisha akaukaza klipu. Akasema mpira ni mpira. Jumatano ikaisha kichwa chake kiko chini ya boneti. Halati alikuja na mizigo yake, akaketi juu ya sanduku la mashine mlangoni, akamtazama. Alipokaribishwa chai alisema hataki, na hilo kwa halati ni tusi.

Mimi sikuwemo kwenye safari. Mamangu ndiye aliyeniingiza. Baba na halati wasingeweza kukaa wawili peke yao garini kutoka Riyadh mpaka Jeddah, watu wangesema, na mamangu angekuwa wa kwanza kusema. Yeye ana mtoto mchanga, shule zilikuwa zimefungwa, basi nikateuliwa kuwa ukuta. Ukuta ukawekwa katikati, miguu huku na huku ya gia, na kila baba alipobadilisha gia goti langu lilipata salamu.

Tukaondoka Alhamisi baada ya sala ya alfajiri, mashine nyuma zimefunikwa turubai na kufungwa kamba kama wafungwa. Halati alikuwa na mkoba mapajani. Ndani ya mkoba kulikuwa na mkasi wake, ule mkubwa wa chuma wa mafundi cherehani, umefungwa kwenye fulana kuukuu. Hakukubali ukae nyuma na mizigo. Alitaka autie sandukuni kwa mkono wake mwenyewe mlangoni mwa kontena. Mkasi ule haukati kitu ila kitambaa. Karatasi inaharibu makali, alisema, na mafundi wote husema hivyo, lakini halati anaiamini kama sharti la dini. Niliwahi kumwomba nikatie karatasi ya zawadi, akanitazama kama nimemwomba figo.

Baba alikuwa na furaha. Barabara ilinyooka, ngamia wakitutazama kwa dharau nyuma ya uzio, na yeye kila baada ya muda anatunyamazisha tuisikilize injini. Hiyo ndiyo asli, anasema. Halati anasema naam, shemeji. Mimi nasema kwa sauti ya ami kwamba hapo hamna kitu, ni wewe tu una wasiwasi, na napigwa kikofi cha bega.

Tulikuwa tumepita nusu ya njia, jua limesimama kichwani, injini ilipoanza kupanda na kushuka yenyewe. Inanguruma, inalegea, inanguruma, inalegea, kama mtu anayesinzia kwenye hotuba na kushtuka. Kisha ikazima. Baba alishuka, akafungua boneti, akabonyeza ile pampu ndogo ya mkono juu ya chujio, inayovuta dizeli na kutoa hewa. Ikawaka. Tukaenda kidogo. Ikazima. Akabonyeza, ikawaka, tukaenda kidogo zaidi. Kwa mwendo huo wa chura tuliingia kituo cha mafuta, na pale ikagoma kabisa.

Nyuma ya kituo kulikuwa na fundi, mtu mpole mwenye kofia, aliyechungulia chini ya boneti akiwa wima na mkono mmoja mfukoni. Alisema pampu kubwa ya dizeli halas, imekwisha. Spea mafi, hakuna, mpaka aagize mjini, labda Jumamosi. Akaufunga mlango wa gereji akaenda zake kula na kupumzika.

Halati aliuliza Jumamosi ipi.

Baba hakuona kwamba limesemwa jambo la maana. Fundi mwenyewe hakuinamisha hata sikio. Baba anajua daktari wake ni nani. Akajipapasa mfukoni, akatoa mulika mwizi, akaitazama. Haikuwa na salio la kupiga nje ya nchi, wala haijui kurekodi. Simu ya halati haikuwa na laini. Ndipo akageuka polepole akanitazama mimi, na simu yangu, na nikaona blenda ikipita machoni pake.

Mtandao wenyewe ulikuwa wa kuombea. Simu ya kuongea ilikatika kabla ya salamu, picha ikawa inazunguka tu. Kilichopita ni ujumbe wa sauti, nao unapita baada ya kufikiri. Baba akakohoa, akasema ndugu yangu, tumekwama njiani, gari linazima, mizigo ya watu iko nyuma, akashusha pumzi. Nilimsikiliza nikajua tumekwisha. Aliongea kama mimi.

Jibu likaja.

"Umeendelea, mwanangu," ami akasema. "Safari hii hata ile pumzi ya kaka umeipata. Lakini mimi ile nyanya nilishaila."

Baba akarekodi tena kwa ukali. Ami akamsifu mwigizaji. Halati akaichukua simu, akajitambulisha kwa heshima zote, kwamba yeye ni shoga wa shemeji yake wa Riyadh, na mashine zake za kushonea zitaachwa na kontena ikiwa hatasaidiwa. Ami akauliza huyo mama nimemlipa nini. Mimi nikajaribu ukweli mtupu, kwa sauti yangu, bila mzaha hata chembe, nikaapa wallahi. Hilo ndilo lililomchekesha zaidi kuliko yote.

"Mpe sauti tu," baba akasema. "Usiseme kitu. Masikio yake yatamshinda."

Basi nikaishika simu juu ya chujio. Halati akakaa kwenye usukani, mara yake ya kwanza maishani kushika ufunguo wa gari, akawasha kama alivyoelekezwa. Baba akabonyeza pampu ya mkono. Injini ikageuka bila kuwaka, na ile pampu ndogo ikatoa mlio wake: fyonzo, fyonzo, fyonzo, laini, haina ugumu wowote. Nikatuma.

Tukangoja. Kivuli cha pikapu kilikuwa kimeanza kurefuka upande wa pili. Halati alishuka akaenda nyuma, akaikaza kamba ya turubai ambayo haikuwa imelegea.

"We mtoto," ami akasema ujumbe ulipofika, "hiyo si injini. Huyo ni mtu anamalizia soda kwa mrija, na mrija wenyewe una ufa. Mwambie baba yako akununulie mrija mpya. Mimi nina kazi."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, ilikuwa nzuri, na ilisemwa kwa uchungu wa kweli. Nikairudisha nicheke tena. Mara ya pili niligundua nacheka peke yangu. Baba alikuwa amesimama na mkono juu ya pampu, kama mtu aliyeitwa na mtu asiyemwona.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Rudia pale kwenye mrija."

Mtu yeyote aliyewahi kunywa soda anajua. Mrija ukiwa na ufa, ukivuta hauji ila upepo. Soda imejaa chupa, wewe unafyonza hewa. Na hakuna tone linalomwagika nje, ndiyo maana ufa huuoni. Baba aliinama, akaufuata ule mpira mweusi kwa vidole kutoka kwenye bomba la tangi mpaka kwenye chujio, taratibu, kama anapapasa shingo ya paka asiyemjua. Vitu vyote alivyopita njiani vilikuwa vipya, vinang'aa, asli. Mpira peke yake ndio ulikuwa wa zamani. Alipofika kwenye klipu akaupinda kidogo. Ufa ulifunguka ukatutabasamia, pale pale alipouzungusha jana yake akiuchomoa.

Halati alikohoa.

"Mpira ni mpira," nikasema mimi, na nikarudi nyuma hatua zinazotosha.

Dawa yake baba aliijua: unakata ile ncha iliyopasuka, unaurudisha mpira mahali pake, unakaza klipu juu ya sehemu nzima. Kilichokosekana ni cha kukatia. Sanduku lake la zana lilikuwa na spana za kila saizi na bisibisi za kurithi, lakini kisu kilikuwa jikoni kwetu Riyadh. Dukani kwenye kituo walitupa kisu cha plastiki cha kulia wali, kikavunjika kwa aibu. Baba akajaribu kwa koleo. Koleo halikukata, lilitafuna, na ufa ukasogea mbele. Mpira haukuwa na urefu wa kuchezea. Ungetafunwa tena usingefika kwenye chujio, na hapo ni Jumamosi, ile ile ya yule fundi. Ulihitajika mkato mmoja, safi.

Sikumbuki nani alikuwa wa kwanza kuutazama mkoba wa halati. Nadhani ni mimi.

"Dada," baba akasema, akaishia hapo.

"Usiseme, shemeji."

"Sijasema kitu."

"Macho yako yanapiga kelele."

Halati aliukumbatia mkoba kifuani. Alisema mkasi ule haujawahi kukata hata uzi wa nailoni. Alisema mpira una mafuta na mafuta yana mchanga, na makali yakiharibika hayarudi, na hariri itajua. Alisema yote haya akitazama nyuma ya pikapu, kule kwenye turubai, siyo kututazama sisi. Lori likapita likatutikisa. Kisha akafungua mkoba akatoa fulana, akaifunua kunjo moja moja. Baba akanyoosha mkono aupokee.

"Toa mkono, shemeji. Mkasi wangu nikiuua, nitauua mwenyewe."

Akaushika mpira, akaupima kwa ukucha kama anapima pindo la gauni. Akauliza, bila kuinua kichwa, kama akate wima au mshazari. Baba akasema wima. Mkasi ukafunga mara moja, kracha, na kipande kikadondoka kama pete. Ulikuwa mkato mzuri. Baba alimsifu, akasema hata kiwandani hawakati hivyo, lakini halati hakuwa katika hali ya kusifiwa. Aliufuta mkasi kwa ncha ya mtandio wake, mtandio mweupe, akaukunja ndani ya fulana mpaka ukafunikwa wote. Nilinong'ona inna lillahi. Nilidhani nitapigwa. Halati aliitikia.

Mpira ukaingia, klipu ikakazwa, baba akabonyeza pampu ndogo. Fyonzo, fyonzo, halafu taratibu ikaanza kuwa ngumu, mpaka kidole gumba hakikuweza tena. Injini ikawaka, ikatema moshi mweupe, ikatulia. Baba hakutunyamazisha tuisikilize. Alisema yalla tu, na tukaondoka.

Kilichofuata kilikuwa mbio za kobe. Pikapu ile haina mwendo wa haraka. Ina mwendo mmoja, na hasira. Kwenye vilima vya kuelekea Taif ilitoa moshi mweusi mpaka waliokuwa nyuma yetu wakawasha taa. Kwenye mteremko baba aliibana kwa gia ndogo na goti langu likaacha kuhesabu. Halati alikuwa anasoma dua kimya kimya, nami nikimwona midomo, na kila injini ilipobadilisha sauti midomo ilisimama.

Tuliingia Jeddah jua likizama, tukakwama kwenye foleni, tukapotea mara moja kwa sababu ya ramani na mara ya pili kwa sababu ya baba. Tulipofika kwenye hoshi, mwenye kontena alikuwa ameshafunga ubavu mmoja wa mlango na ameushika wa pili. Ndani niliona magodoro, majokofu, mazulia, baiskeli ya mtoto imebanwa juu kabisa. Akatupungia mkono wa kutufukuza. Akasema pamejaa, tungoje lijalo.

Halati alishuka pikapu haijasimama. Hakubishana naye hata kidogo. Aliinua buibui yake, akapanda ndani ya kontena, akasimama baina ya jokofu na zulia akiwa na mkoba kifuani.

"Basi nifunge na mimi humu humu," akasema. "Kitambaa cha watu kinanisubiri."

Mwenye kontena alimtazama. Akamtazama baba, aliyekuwa na mafuta mpaka masikioni. Akanitazama mimi, na mimi nikakohoa, nikasema ndugu yangu kwa sauti ya baba, kwa mazoea tu. Akacheka, bahati yetu. Zulia moja likasimamishwa, godoro likakunjwa, na mashine zikaingia moja baada ya nyingine, ya kufunga pindo ikiwa ya mwisho. Halati akautia mkasi sandukuni kwa mkono wake, kama alivyotaka, ila alichelewa kuuachia. Mlango ulipofungwa adhana ya Isha ilikuwa imeanza. Alibandika kiganja kwenye chuma, akakiacha hapo mpaka adhana ikaisha.

Mimi nikairekodi injini ya pikapu ikinguruma uani, nikamtumia ami, nikamwambia asante, ulikuwa ni mpira kweli, umetuokoa. Akajibu kwamba amefurahi kusikia blenda imepona.

Hakuamini. Baba alimpigia baadaye kwa simu ya mamangu, ami akasema tumepanga wote. Mashine zilifika kabla ya Idi, mamangu akatumiwa picha ya duka, halati amekaa katikati na vitambaa vimemzunguka mpaka mabegani, na bado ami akawa anasema sisi watu wa Riyadh hatuna kazi.

Kisha siku moja ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwake, kwenye simu yangu, wa kwanza aliouanzisha mwenyewe tangu nyanya. Hakusema neno. Ilikuwa ni jiwe la kunolea la gerejini kwake, linalia juu ya chuma, linakwaruza, linasimama, linakwaruza tena. Nyuma ya kelele nikasikia sauti ya halati ikimwambia anuse hapo kwenye msumari wa mkasi, mafuta hayo ni ya gari la kakake, na aache kuchezea simu anoe, ana magauni ya watu.

Nikaisikiliza mpaka mwisho. Nikakohoa kidogo.

"Ndugu yangu," nikasema, nikashusha pumzi. "Hiyo ni nozeli ya tatu."